Afya Huanzia Njiani: Jinsi Mtaa Unavyoweza Kutukinga na Unene Uliokithiri



Linapotajwa suala la unene katika jumuiya zetu, mazungumzo huelekea upesi kwenye sahani ya mtu: anakula nini, anakunywa kiasi gani, kwa nini hajizuii. Kanisa limefundisha daima kwamba ulafi ni mmojawapo wa mizizi ya dhambi, na kwamba fadhila ya kiasi yapasa kutawala meza ya Mkristo. Mafundisho hayo yanabaki palepale. Hata hivyo, ipo sehemu ya jambo hili ambayo haiko juu ya sahani wala ndani ya utashi wa mtu mmoja mmoja. Iko njiani, sokoni, kwenye lango la shule, na katika uwanja wa mpira uliogeuzwa viwanja vya kuuza. Namna tunavyojenga makazi yetu huchangia sana kuamua kama miili yetu itapata kazi yake ya kila siku au itakaa bure.

Makala hii inakusudia kueleza uhusiano huo kwa kuutazama mji wetu wa Himo, ambao unaendelea kujengwa mbele ya macho yetu. Mji ukishajengwa, ni vigumu mno kuubomoa ili kuupatia njia ya miguu. Wakati wa kulizungumza jambo hili ni sasa, mawe ya msingi yakiwa bado yanawekwa.

Unene uliokithiri ni nini?

Wataalamu wa afya huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa 25 au zaidi, mtu ana uzito uliozidi. Likifika 30, huo ni unene uliokithiri. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60, kwa mfano, huingia katika kundi hilo anapofika takribani kilo 77. Kipimo hiki hakielezi kila kitu kuhusu afya ya mtu, lakini chatosha kumwonya.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionesha kwamba watu wazima 26 kati ya 100 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi, wakiwemo karibu 9 wenye unene uliokithiri. Kwa upande wa akina mama wa umri wa miaka 15 hadi 49, utafiti wa afya wa mwaka 2010 uliwakuta 22 kati ya 100 wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri; ule wa mwaka 2015 na 2016 ukawakuta 28. Na haya yanatokea katika nchi ambayo bado ina watoto waliodumaa kwa kukosa lishe. Mara nyingine hali zote mbili hukaa chini ya paa moja: mama mnene na mtoto aliyedumaa.

Unene huu huandamana na kisukari, shinikizo la damu, kiharusi na maumivu ya magoti na nyonga. Sisi mapadre tunaopeleka Komunyo Takatifu kwa wagonjwa majumbani tunazifahamu nyuso za maradhi hayo: baba aliyepooza upande mmoja akiwa bado na watoto shuleni, mama aliyekatwa mguu kwa sababu ya kidonda cha kisukari kisichopona. Gharama za matibabu huuza ng'ombe, na baada ya ng'ombe huuza kipande cha kihamba.

Kuna pia jambo la fikra zetu. Kwetu mtu akinenepa husifiwa kuwa amenawiri, na kitambi cha mzee huhesabiwa kuwa alama ya heshima na mafanikio. Sifa hiyo iliongezewa nguvu na miaka ile migumu ya UKIMWI, ambapo mtu aliyepungua mwili alitazamwa kwa mashaka na kunong'onwa. Wengi waliamua kwamba ni heri kunenepa kuliko kusemwa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini leo inatugharimu.

Kihamba kama shule ya mwili

Wazee wetu wa mlimani hawakuwa na neno la mazoezi kwa maana tunayoitumia leo, wala hawakulihitaji. Makazi yao yenyewe yaliwafanyisha kazi. Nyumba ilikuwa ndani ya kihamba, katikati ya migomba, kahawa na miti ya kivuli. Maji yalifika kwa mfongo, na mfongo ulihitaji mikono ya kuusafisha kila mwaka. Ng'ombe walifugwa zizini, hivyo majani yalitafutwa, mara nyingi huko chini tambarare, na kupandishwa mlimani kichwani. Familia nyingi zilikuwa na kihamba juu na shamba la mahindi na maharage chini. Kati ya mawili hayo palikuwa na saa kadhaa za kushuka na kupanda. Kwenda sokoni, shuleni na kanisani kulikuwa kwa miguu, na vijia vilipita kati ya vihamba vikiunganisha nyumba na nyumba.

Chakula nacho kilitoka karibu: ndizi, maharage, mboga za majani, maziwa, nyama kwa nadra. Mtori na kiburu vilishibisha, na walaji wake walikuwa wamekwisha kuufanyisha mwili kazi kabla ya kuketi mezani.

Hatupaswi kuipamba zamani kupita kiasi. Mzigo mkubwa wa majani na maji uliwaelemea akina mama, na migongo yao inashuhudia hadi leo. Hakuna anayewatakia mabinti zetu adha ile. Tunachojifunza ni hiki: mazingira yalikuwa yamepangwa kwa namna ambayo mwendo ulikuwa sehemu ya siku. Mtu hakuhitaji nia ya pekee, muda wa ziada wala fedha ili mwili wake upate kujongea.

Mtu yuleyule, mahali pengine

Je, ni kweli kwamba mahali hubadilisha mwili? Tanzania imechangia sana kulijibu swali hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha wakazi wa kijiji cha Shari, hapa hapa Kilimanjaro, na wakazi wa Ilala jijini Dar es Salaam. Kwa wanaume, waliokuwa na kisukari walikuwa takribani 6 kati ya 100 mjini, na chini ya 2 kati ya 100 kijijini. Kwa wanawake, walikuwa karibu 6 kati ya 100 mjini na 1 tu kijijini. Uzito uliozidi na kutokufanya kazi za mwili vilikuwa pia vingi zaidi mjini.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba watu wa Ilala na watu wa Shari ni watu tofauti. Jibu la hoja hiyo lilikuja katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 200 kutoka vijiji vya Morogoro waliohamia Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuhama na tena baada ya kuhama. Katika muda wa mwaka mmoja uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walifanya kazi nzito za mwili. Baada ya kuhama walibaki chini ya 3. La kushangaza ni kwamba mjini walikula nyama zaidi, lakini walikula pia matunda na mboga zaidi kuliko kijijini. Utashi wao, imani yao na malezi yao havikuwa vimebadilika katika miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni mahali, na pamoja na mahali, kazi ya kila siku ya mwili.

Himo katika njia panda

Himo ni mji uliozaliwa na barabara. Hapa hukutana njia ya Dar es Salaam kupitia Same na Mwanga, njia ya Moshi na Arusha, njia ya Holili na Taveta nchini Kenya, na njia ipandayo Marangu hadi Rombo. Soko la nafaka, malori na biashara ya mpakani vimeupa mji uhai wake. Vihamba vya juu navyo vimegawanywa kwa vizazi hadi vingine havitoshi kujenga nyumba ya kijana mmoja, na kwa sababu hiyo wengi wameshuka kuja kujenga tambarare.

Lakini mji unaozaliwa na barabara hujengwa kwa kuifuata barabara. Maduka, baa, vibanda vya chipsi na majiko ya nyama choma hujipanga kandokando ya lami, kwa sababu wateja wako hapo. Nyumba hujengwa nyuma yake kadiri kila mtu alivyopata kiwanja, mara nyingi bila njia ya kupita kati ya ukuta na ukuta. Mtoto ambaye shule yake iko ng'ambo ya pili hana budi kuvuka barabara kuu yenye malori. Mzazi, kwa hofu iliyo ya haki, humpandisha bodaboda. Mama aendaye sokoni hukuta ukingo wa barabara umejaa bidhaa na pikipiki, na jua la tambarare halina mti wa kulipunguza. Naye hupanda bodaboda. Kijana anayetaka kucheza mpira jioni hukuta uwanja umewekewa mawe ya mipaka. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye mvivu. Kila mmoja amefanya lililo salama na la busara katika mazingira aliyokuta.

Bodaboda zimeokoa maisha ya wagonjwa na kuwapatia vijana wetu riziki. Hatuzilaumu. Tunasema tu kwamba mji usiompa mtu nafasi ya kutembea kwa usalama umemwondolea dawa isiyouzwa dukani.

Mtaa unaokinga una sifa gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kujongea kwa kiasi cha kuongeza mapigo ya moyo, na mtoto apate wastani wa saa moja kila siku. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano: mwendo wa dakika kumi na tano kwenda sokoni au kazini, na mwingine kama huo wa kurudi. Mtaa uliopangwa vema huwapa watu dakika hizo bila wao kuzihesabu. Sifa zake kuu ni hizi.

Kwanza, mambo ya lazima yawe karibu. Shule, zahanati, soko dogo na nyumba ya ibada vikiwa ndani ya mwendo mfupi, watu hutembea. Pili, ziwepo njia zinazounganika. Soko linaweza kuwa mita 300 tu kutoka nyumbani, lakini kama kuta zimeziba vijia na kulazimu mzunguko wa kilomita moja kupitia barabara kuu, mtu hupanda chombo. Tatu, njia ziwe salama: ukingo wa waenda kwa miguu uliotenganishwa na magari, matuta mbele ya shule, vivuko vinavyoonekana, na taa usiku, hasa kwa ajili ya akina mama na mabinti. Nne, kuwe na kivuli. Katikati ya mji wa Moshi watu hutembea kwa raha zaidi kwa sababu waliotutangulia walipanda miti kando ya mitaa. Mti mmoja hupandwa kwa saa moja na hutoa kivuli kwa vizazi viwili. Tano, yawepo maeneo ya wazi ya michezo na mapumziko, yaliyopimwa na kulindwa. Mwisho, chakula chema kiwe karibu kuliko kibaya. Chupa ya kawaida ya soda ya nusu lita kasoro hubeba takribani vijiko 9 vya chai vya sukari. Kama langoni mwa shule kinachouzwa ni soda, visheti na viazi vya kukaanga peke yake, mtoto atakula hivyo. Kama lipo genge la matunda, ndizi mbivu na maparachichi ambayo mlima wetu unayatoa kwa wingi, naye anaweza kuchagua.

Miji mingine imekwisha kuthubutu. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilitengeneza njia za miguu, matuta na vivuko kuzunguka shule za msingi ambako watoto waligongwa mara kwa mara. Majeraha yakapungua, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Huko Kigali, tangu mwaka 2016, baadhi ya barabara hufungwa kwa magari katika Dominika zilizopangwa ili watu watembee na kukimbia, na hapo hapo hupimwa sukari na shinikizo la damu. Jiji la Bogotá nchini Colombia limekuwa likifunga barabara zake siku ya Dominika tangu mwaka 1974. Haya hayakuhitaji utajiri mkubwa. Yalihitaji makubaliano ya watu na uthabiti wa viongozi.

Mafundisho ya Kanisa

Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tena si mali yetu wenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ni karama za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, ambazo twapaswa kuzitunza tukizingatia mahitaji ya wenzetu na mafao ya wengi. Na papo hapo inasema kwamba utunzaji huo unadai msaada wa jamii katika kupata hali bora za maisha. Namba inayofuata inaonya dhidi ya kuuabudu mwili, na namba 2290 inaihimiza fadhila ya kiasi katika chakula na kinywaji. Tazama mizani hiyo: mtu ana wajibu wake, na jamii ina wajibu wake. Kumhubiria mtu kiasi huku tukimjengea mtaa usiotembeka ni kumfungia mzigo ambao sisi hatuugusi kwa kidole.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitenga sehemu nzima ya sura ya nne kwa ajili ya ekolojia ya maisha ya kila siku. Humo anazungumzia nyumba, mitaa, maeneo ya pamoja na usafiri, akiwaalika wanaopanga miji kutazama kwanza ubora wa maisha ya watu wenyewe. Utunzaji wa nyumba ya wote hauishii kwenye misitu na barafu ya Kilimanjaro. Unafika hadi kwenye kijia cha nyuma ya soko la Himo.

Kutokana na hayo tunajifunza pia upole. Mwenye mwili mkubwa asifanywe kichekesho katika jumuiya wala kudhaniwa kuwa ni mlafi. Umri, uzazi, urithi wa familia na dawa fulani vina sehemu yake, na mtaa anaoishi una sehemu yake. Ni ndugu yetu, na anahitaji mwenza wa kutembea naye kuliko mtu wa kumsema.

Tuanzie wapi?

Tuanzie katika viwanja vya parokia. Kanisa lina ardhi, na mara nyingi ndiyo ardhi ya wazi iliyobaki katika eneo lenye nyumba nyingi. Halmashauri ya walei inaweza kuamua kwamba uwanja wa parokia utunzwe kwa ajili ya watoto na vijana, bila kujali dini zao, na kwamba usiuzwe wala kujazwa fremu za maduka. VIWAWA wapande miti kando ya njia iendayo kanisani, na kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ipewe miti yake ya kumwagilia hadi ishike. Parokia za kwanza za mlima huu, kuanzia Kilema miaka ya 1890, zilifikiwa na waamini kwa miguu. Basi na sisi tuhimizane kutembea kwenda kwenye sala za jumuiya, wenye afya wakiwasindikiza wazee.

Tuangalie meza zetu za pamoja. Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na harusi, si lazima upendo upimwe kwa idadi ya kreti za soda na ukubwa wa ndafu. WAWATA wanaweza kuanzisha desturi ya maji safi na matunda katika kila hafla ya parokia. Shule zetu nazo zinaweza kukubaliana na akina mama wanaouza langoni juu ya kile kinachouzwa, bila kuwanyang'anya riziki yao.

Hatimaye, tuhudhurie vikao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano wa kijiji. Maana yake ni kwamba uwanja wa mpira unaweza kupotea kwa sababu tu waamini mia moja walibaki nyumbani siku ya mkutano. Palipo na mamlaka ya mji mdogo, wananchi wana haki ya kuuliza kuhusu ramani ya mipango miji: maeneo ya wazi yako wapi, njia za miguu zina upana gani, kivuko cha shule kitawekwa lini. Mwamini mmoja anayelegeza ukuta wake hatua mbili ili kijia kipite ametenda tendo la huruma kwa watu ambao hatawajua kamwe kwa majina.

Kanuni auni ya mafundisho jamii ya Kanisa inatuambia kwamba lile linaloweza kufanywa na jumuiya ya chini lisingoje kufanywa na mamlaka ya juu. Barabara kuu ni ya serikali, nasi tuidai njia salama kwa heshima na bila kuchoka. Lakini kijia, mti, uwanja na meza ni vyetu. Katika mkutano ujao wa jumuiya yako, baada ya kutafakari Neno la Mungu, ulizeni swali moja: mtoto wa hapa anaweza kutembea salama kutoka nyumbani hadi shuleni, hadi kanisani na hadi uwanja wa kuchezea? Jibu likiwa hapana, andikeni ni wapi njia inapokatika, na mlipeleke jambo hilo kwa paroko na kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mungu, aliyetuumba na miguu ya kutembea na jirani wa kutembea naye, awabariki.